Vifaa vya kulala msituni usiku mmoja: kipi kitangulie kununuliwa, kipi kibaki dukani

Ukiingia duka la vifaa vya safari, jicho huvutwa kwanza na visu. Vinang'aa, vina mipini mizuri, na muuzaji ana maneno ya kila kimoja. Fedha nyingi huishia hapo, kisha mnunuzi anakumbuka turubai akiwa amebakiwa na chenji. Msitu hauna mpangilio huo. Usiku mmoja hauui mtu kwa njaa, na kiu huchukua siku kadhaa. Baridi ndiyo yenye haraka. Aliyelowa na kupigwa na upepo anaweza kuzidiwa hata katika nyuzi joto 10, mbali kabisa na barafu, kwa sababu maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa inavyolipitisha.

Kwa hiyo orodha hii inafuata kile kinachomwangusha mtu kwanza, na ndani ya kila kundi tumeanza na chaguo bora hadi lile la kuachwa. Lengo ni mzigo usiozidi kilo 4, bila chakula, maji na nguo, ndani ya begi la lita 30 hadi 35. Ukizidi hapo, kuna kitu ulichonunua mara mbili.

1. Kinga ya mvua na upepo

Chaguo la kwanza ni turubai la mita 3 kwa 3 la kitambaa chembamba kilichopakwa silikoni, lenye uzito wa gramu 500 hadi 800. Ukubwa huo unamtosha mtu mmoja na mzigo wake, na bado anapata nafasi ya kukaa na kupika mvua ikinyesha. La mita 2 kwa 3 ni jepesi zaidi, lakini mvua ya upepo itakufikia miguuni.

Uamuzi wa maana hapa ni nailoni au poliesta. Nailoni ina nguvu zaidi kwa uzito uleule, ila hunywa maji na kulegea. Ukilikaza turubai saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku limebonyea katikati, maji yametuama, nawe unatoka kwenye mvua kulikaza upya. Poliesta hailegei hivyo. Kwa safari za aina hii, chukua poliesta.

Dukani, achana na picha ya kwenye pakiti, geuza pembe za turubai. Kila kitanzi cha kufungia kiwe kimeshonwa juu ya kiraka cha kitambaa cha pili. Kikishonwa kwenye kitambaa kitupu, hapo ndipo kitakapochanika upepo ukija. Hesabu vitanzi: pungufu ya 12, namna zako za kulitega zinakuwa chache. Kisha fuata mshono wa katikati kwa kidole. Kitambaa cha silikoni hakishiki utepe wa kuzibia, kwa hiyo mshono wake hupakwa gundi ya silikoni, na mara nyingi kiwanda humwachia mnunuzi kazi hiyo. Kilichopakwa poliurethani huja na utepe tayari, lakini kikihifadhiwa na unyevu kwa miaka kadhaa, utando wake huanza kunata na kunuka. Kama lebo inataja kinga ya maji kwa milimita, yaani kimo cha maji ambacho kitambaa hukihimili bila kuvuja, 1500 hadi 2000 zinatosha kwa kitu cha kuwa juu yako. Usilipie 5000.

Jambo moja haliandikwi kwenye lebo yoyote: maji hutembea juu ya kamba. Kamba iliyofungwa kwenye mti huleta maji ya shina lote hadi chini ya turubai, tone kwa tone, mpaka kwenye mto wako. Funga kipande cha uzi chenye urefu wa kidole kwenye kamba hiyo, kikining'inia nje kidogo ya ukingo wa turubai. Maji yatafuata uzi na kudondoka hapo.

La pili, na ndilo lenye thamani kubwa kwa bei yake, ni mfuko mkubwa wa taka wa lita 200 hivi, wenye unene wa mikroni 75 au zaidi (mikroni 1000 ni milimita 1). Una uzito wa gramu 200, unakaa ndani ya kiatu. Kata tundu la uso karibu na pembe moja ya chini, uuvae kuanzia kichwani, ukae juu ya begi. Hauchukui nafasi ya turubai bali ni akiba yake, na pia ndio mfuko wa ndani wa begi lako siku zote nyingine. Kosa la kawaida ni kuingiza kichwa chote ndani ili kupata joto: mvuke wa pumzi hulowesha nguo zote, na kupumua ndani ya plastiki iliyofungwa ni hatari. Uso ubaki nje.

Hema dogo la mtu mmoja linashika nafasi ya tatu. Linazuia wadudu vizuri kuliko kitu chochote, lakini mengi huanzia kilo 1 na kuendelea, na huwezi kuota moto ukiwa ndani yake. Kwenye mbu wengi, turubai pamoja na chandarua chepesi cha gramu 250 bado ni jepesi kuliko hema.

Blanketi la alumini liko mwisho, ingawa linauzwa sana. Ni filamu ya poliesta ya mikroni 12 hivi iliyopakwa metali, teknolojia iliyotokana na kazi ya NASA mwaka 1964. Linarudisha joto linalotoka mwilini kama mionzi, basi. Halizuii joto linaloingia ardhini, halizuii upepo usipolishika kwa mikono miwili, na likipata mkato mdogo ukingoni linapasuka hadi upande wa pili. Lina kazi moja nzuri: kulitandika nyuma yako unapoota moto, angalau mita moja na nusu kutoka kwenye ndimi, kwa sababu huyeyuka. Kama umeshalinunua, liweke. Lisiwe ndilo paa lako.

2. Kati yako na ardhi

Ardhi baridi hunyonya joto usiku kucha, na mfuko wa kulalia hausaidii chini kwa sababu uzito wako unaubana na kuondoa hewa iliyomo. Mkeka wa povu gumu lisilonywa maji, unene wa sentimita 1, uzito wa gramu 300 hadi 400, ndio chaguo la kwanza. Haupasuki, haupulizwi, unakatika kwa mkasi. Sentimita 120 zinatosha kutoka begani hadi magotini. Miguu iweke juu ya begi tupu.

Godoro la kupuliza ni laini, hujikunja dogo na mara nyingi lina joto zaidi. Kipimo chake ni thamani ya R, yaani uwezo wa kuzuia joto lisipotee, ambayo kwa kiwango cha ASTM F3340 cha mwaka 2018 inaweza kulinganishwa kati ya watengenezaji. Povu la kawaida lina R ya karibu 2. Kwa usiku unaokaribia nyuzi sifuri tafuta 4 na zaidi. Tatizo ni mwiba. Tundu moja saa nane usiku linakuacha na kitambaa tupu, na kulitafuta tundu hilo gizani bila beseni la maji ni kazi bure. Ukiliamua, beba kiraka chake na ulitandike juu ya kitu kingine.

Kuhusu mfuko wa kulalia, soma lebo kwa makini. Kiwango cha ISO 23537 hutoa namba tatu za upande wa baridi: joto la kulala vizuri, joto la mwisho la kuvumilia, na joto la hatari. Namba kubwa iliyochapishwa mbele mara nyingi ni ya pili. Nunua kwa ile ya kwanza. Ya tatu ni ya kutokufa, si ya kulala. Manyoya ya bata ni mepesi, lakini yakilowa hushikamana na joto hupotea. Msitu wa unyevu unadai ujazo wa nyuzi za poliesta, hata kama unaongeza gramu 300.

3. Moto

Angalia kwanza kama unakokwenda moto wa wazi unaruhusiwa. Hifadhi nyingi zinaukataza, nyingine hufunga ruhusa kiangazi. Ukikatazwa, jiko dogo la gesi lenye mtungi wa gramu 100 linatosha kwa usiku mmoja, na fedha ya ziada iende kwenye mfuko wa kulalia.

Kiberiti cha gesi cha kawaida kinashinda vyote, na nunua viwili. Chagua chenye gurudumu la kusugua, si cha kubofya kwa umeme, kwa kuwa cha umeme hugoma kikilowa na husumbua kwenye miinuko. Kiwe cha plastiki angavu ili uone gesi iliyobaki. Kina maadui watatu. Unyevu: gurudumu lililolowa halitoi cheche, lipulize, lisugue kwenye nguo kavu mara 20 hivi, litaamka. Baridi: butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo kiberiti kikae mfuko wa ndani wa shati, si begini. Na kubanwa: kitufe kikigandamizwa ndani ya begi, gesi huisha bila wewe kujua. Zungushia chini ya kitufe utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mpira huo wenyewe huwaka hata ukiwa umelowa, kipande cha sentimita 5 kikiwa na dakika kadhaa za moto.

Nafasi ya pili ni kijiti cha cheche, aloi ya ferosiriamu iliyobuniwa na Mwaustria Carl Auer von Welsbach mwaka 1903. Cheche zake zinafikia joto la nyuzi 3000 hivi, hakijali maji wala baridi, na hakiishi upesi. Ila hakitoi mwali. Kinataka kitu laini na kikavu cha kudaka cheche, na mtu asiyejifunza atakikwangua hadi mkono uchoke. Nunua chenye unene wa milimita 8 hadi 10 na urefu wa sentimita 8. Vile vya milimita 5 vinavyoning'inia kwenye pete za funguo huvunjika. Rangi nyeusi inayokipaka ni ya kuzuia kutu: ikwangue kwanza, la sivyo hutaona hata cheche moja na utadhani umeuziwa kibovu.

Namna ya kukitumia: simamisha ncha ya kijiti ndani ya pamba, weka kikwaruzio juu yake kwa pembe, kisha kishike kikwaruzio palepale na uvute *kijiti* kurudi nyuma. Wengi hufanya kinyume, wanasukuma kikwaruzio mbele, mkono unagonga rundo na pamba inaruka.

Pamba hiyo usiinunue ikiwa imeshafungwa kwenye pakiti za kifahari. Chukua mafundo 10 ya pamba ya dukani, sugua mafuta ya mgando mpaka kila fundo liwe zito nje lakini lina nyuzi kavu katikati. Likiloa mafuta kabisa halidaki cheche. Wakati wa kuwasha, lichane mpaka liwe kama utando wa buibui. Fundo moja lililotengenezwa vizuri huwaka dakika tatu na zaidi, muda wa kutosha vijiti vyenye unene wa njiti ya kiberiti kushika.

Njiti za dhoruba, zile zenye kichwa kirefu, ni za tatu: zinawaka hata kwenye upepo mkali, ila ukishatumia 20 umemaliza, na ubapa wa kusugulia ukilowa zote ni vijiti tu. Vioo vya kukusanyia jua viache. Usiku hakuna jua.

4. Maji

Nunua kwanza chupa ya chuma cha pua ya lita 1 yenye ukuta *mmoja*. Sisitiza neno hilo kwa muuzaji. Chupa ya kuhifadhi joto, yenye kuta mbili, ukiiweka motoni ikiwa imefungwa inaweza kulipuka, na hata ikiwa wazi uwazi ulio kati ya kuta zake unaweza kupasuka. Ya ukuta mmoja ni chupa na sufuria kwa pamoja: ondoa kifuniko, weka kando ya makaa, subiri maji yachemke kwa kububujika dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2000. Kuchemsha huua bakteria, virusi na vimelea vinavyoambukiza. Mdomo mpana ni bora kuliko mwembamba, maana utaweza kuusafisha na kuchota kwenye kijito chenye kina kifupi.

Cha kukamilisha ni vidonge vya klorini dioksaidi, gramu chache tu. Bakteria na virusi hufa ndani ya dakika 30, lakini kimelea cha Cryptosporidium huhitaji saa 4, kwa hiyo viweke kwenye maji kabla ya kulala, uyanywe asubuhi. Vidonge vya klorini ya kawaida ni rahisi, ila kimelea hicho havikiwezi. Maji yenye tope yachuje kwa kitambaa kwanza. Tope hula dawa.

Chujio la mirija midogo yenye matundu ya mikroni 0.1 hutoa maji ya kunywa papo hapo na huzuia bakteria na vimelea, si virusi. Likiganda hata mara moja baada ya kutumika, mirija hupasuka ndani na huwezi kuona kwa macho. Usiku wa baridi lilale nawe ndani ya mfuko. Mrija wa kunywea moja kwa moja mtoni tunauweka chini: hauwezi kubeba maji hadi kambini, na kambi nzuri haiwi ukingoni mwa mto.

5. Taa

Tochi ya kichwani, kwa sababu mikono yote miwili inatakiwa kufunga kamba. Lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300 zinatosha. Kazi ya kambini hufanywa kwa 20 au 30. Vitu viwili vya kudai: kifungo kinachoweza kufungwa kisijiwashe begini, na betri zinazobadilishwa. Tochi ya kuchaji tu, ikizima, imezima. Betri za lithiamu zisizochajiwa hustahimili baridi kuliko za alikali na hazivuji haraka. Kama tochi haina kufuli, geuza betri moja kichwa chini mpaka ufike. Mwanga mwekundu ni wa manufaa, si wa lazima.

6. Kisu, msumeno, kamba

Mchagua jembe si mkulima. Kisu kisichokunjwa, bapa la sentimita 10, unene wa milimita 2.5 hadi 4, chuma chake kikipita ndani ya mpini hadi mwisho, kinatosha kwa kila kazi ya usiku mmoja. Chuma cha pua kama hujapenda kupangusa mafuta. Cha kaboni kama unataka kunoa haraka. Kagua mgongo: ukiwa na kona kali ya nyuzi 90, unakwangua kijiti cha cheche bila kugusa makali. Visu vyenye mpini mtupu wa kuwekea ndoano na njiti viache kabisa, bapa lake huishia pale mpini unapoanza na hapo ndipo linapokatika. Sheria za kubeba visu hutofautiana, kwa hiyo ulizia kabla.

Fedha iliyobaki nunulia msumeno wa kukunja wenye bapa la sentimita 18. Una gramu 200 tu, na hukata mti mkavu wa unene wa mkono kwa dakika chache, kazi ambayo kisu kingeifanya nusu saa na kidole kikiwa hatarini. Meno yake hukata ukivuta. Ukisukuma kwa nguvu, bapa hukunjika.

Kamba ya parashuti ya milimita 4 huhimili hadi kilo 250 hivi kabla ya kukatika na ina nyuzi 7 ndani ya ganda. Kata ncha na uhesabu. Za bandia zina 5 au zimejazwa sufi. Mita 15 zinatosha.

7. Vidogo vya mwisho

Filimbi isiyo na kijiwe ndani, kwa kuwa kijiwe huganda au kulowa. Milio mitatu ni ishara ya hatari Amerika Kaskazini. Kwenye milima ya Alpu na Uingereza ni sita kwa dakika, kisha kimya dakika moja. Dira yenye bamba na kimiminika, kwani zile za ukubwa wa kifungo hukosea sana. Ramani ipakue kwenye simu kabla ya kuondoka. GPS haihitaji mtandao, ramani ndiyo inayouhitaji. Huduma ya kwanza: bendeji ya kubana ya sentimita 10, shashi, plasta, utepe wa malengelenge, dawa ya mzio na dawa zako mwenyewe.

Kopo lililojazwa tayari

Kopo dogo la vifaa vya dharura linauzwa kama jibu la yote, na ndilo la mwisho kwenye orodha hii. Waya wa kukatia miti hupata joto na kukatika kwenye pete. Dira ni ile ya kifungo. Blanketi ni lile la mikroni 12, kijiti ni cha milimita 5, na kisu hakiwezi kuchonga hata kigingi. Kopo lenyewe, kama ni la chuma na halina rangi ndani, linachemsha maji. Hicho ndicho kitu pekee unachokinunua.

Kupanga na kujaribu

Mfukoni mwa suruali, siyo begini: kiberiti cha pili, filimbi, kisu, mafundo mawili ya pamba. Begi linaweza kubebwa na maji wakati wa kuvuka kijito, suruali haiendi popote. Turubai likae juu kabisa nje ya mfuko wa plastiki, ili mvua ikianza ulitoe bila kufungua vilivyobaki. Mfuko wa kulalia na nguo kavu chini kabisa, ndani ya plastiki.

Kisha jaribu kila kitu nyumbani kabla muda wa kurudisha bidhaa haujapita. Tega turubai gizani kwa tochi hiyo hiyo na ulimwagie ndoo mbili za maji, hasa kwenye mshono. Tumbukiza kiberiti kimoja kwenye maji na uone kinachukua muda gani kuamka. Washa fundo la pamba kwa kijiti ukiwa umevaa glavu. Jaza chupa, ifunge, ilaze usiku mzima juu ya gazeti. Kinachoshindwa, kirudishe na risiti.